Amri ya Kurudisha Pole

Wenye masikio karibuni, niwape habari ya nchi yangu ya Sitara. Msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani zetu hupitiwa kwanza na wizara. Mimi ni mpiga mbiu wa Bodi ya Ukweli wa Filamu. Bodi ikiamua, mimi hutoka na baragumu langu nikatangaza mitaani, na kazi yangu ni kulisema lililoamuliwa kama lilivyoamuliwa, bila kutia chumvi. Leo nitatia kidogo. Mtanisamehe.

Kwetu filamu haionyeshwi mpaka ithibitishwe kuwa ni kweli. Utaratibu huu tuliupata kwa aibu. Zamani ilitoka filamu ya warina asali, na ndani yake mrina alipanda mtini kifua wazi, bila moshi, akashuka na asali na tabasamu. Wageni walioitazama walicheka mpaka wakashika mbavu, taifa zima likaona haya. Ndipo Bunge likapitisha sheria kwamba kila filamu itazamwe kwanza na mtu anayeliishi jambo lenyewe, naye aitwe Mwenye Jambo. Akisema "Ndivyo", filamu inaonyeshwa. Akisema "Sivyo", inachomwa uani, nyuma ya jengo la Bodi, na mimi natangaza.

Sheria ilifanya kazi vizuri sana. Kwa filamu ya wezi aliitwa mwizi, akasema "Ndivyo", akashukuru, akaondoka na saa ya ukutani. Filamu ya wenye njaa ilichomwa, maana mwaka ule njaa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku, na kila aliyeitwa aliapa kuwa ameshiba, ingawa mmoja wao alianguka akiwa bado anaapa. Matata yalianza kwa filamu ya Mtukufu Rais, iliyoitwa *Kiongozi Mwenye Hekima Apendwaye na Wote*. Bodi ilitafuta Mwenye Jambo nchi nzima. Rais hakuweza kuitwa, kwa kuwa Rais haitwi. Wengine waliulizwa kama wao ni viongozi wenye hekima wapendwao na wote, wakaomba radhi. Na bila Mwenye Jambo filamu huchomwa! Ilibidi sheria ibadilishwe upesi kabla Ikulu haijapata habari. Ikaandikwa kwamba Mwenye Jambo akikosekana hadi mwezi uishe, filamu ihesabiwe kuwa kweli na ionyeshwe. Filamu ya Rais ikapona. Tulipiga makofi, wala hakuna aliyefikiri kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mkubwa huweza kupitiwa na mdogo.

*

Mdogo huyo alikuwa Salha Mngwali, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ndogo. Alikuja ameikumbatia filamu yake kama anayepeleka mtoto kliniki. Iliitwa *Majirani*. Ilihusu wanaume wawili waliopendana maisha yao yote, nyumba zao zikiwa ukuta kwa ukuta, mpaka mmoja akafa.

Mwenyekiti wa Bodi, Profesa Lukindo, alipoambiwa ni mapenzi ya nani na nani, aliomba aambiwe tena, kisha akaomba asiambiwe.

Hapa inanibidi nieleze. Katika Sitara watu wa namna hiyo hawapo. Si kwamba wamekatazwa, maana kukataza ni kukiri. Hawapo tu. Kuna wizara nzima inayoshughulikia kutokuwepo kwao, Wizara ya Maadili na Mambo Yasiyokuwepo, yenye jengo la ghorofa, magari, na jela yake yenyewe. Jela hiyo imejaa. Ukiuliza imejaa akina nani, unaambiwa haina mtu.

Waziri wa wizara hiyo, Mheshimiwa Burhani Kikwaju, alifika mwenyewe. Ni mtu ambaye huhutubia hata anapoomba maji.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa hili limejengwa juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni maadili. Nguzo ya pili ni ile ya kwanza. Filamu hii ni ya uongo tangu mwanzo hadi mwisho, na nasema hivyo bila kuitazama, kwa sababu ningeitazama ningekuwa nimeona kisichokuwepo. Ichomwe."

"Haichomeki, Mheshimiwa," alisema Profesa kwa huzuni. "Sheria inataka Mwenye Jambo aseme Sivyo."

"Si mumlete!"

"Hayupo, Mheshimiwa. Wizara yako imetuhakikishia."

"Hayupo kabisa."

"Basi mwezi ukiisha, filamu itakuwa kweli."

Waziri aliketi. Nimekaa serikalini muda mrefu, na ile ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona waziri akikalia kiti ambacho hakijafutwa vumbi.

*

Shauri la kwanza lilikuwa kumtumia askari. Alichaguliwa Koplo Tegemea kwa nidhamu yake. Aliagizwa atazame, aseme neno moja tu, Sivyo, kisha arudi lindoni. Alikaa mbele kabisa, kofia magotini. Sasa, katika filamu ile kuna mahali ambapo yule mmoja amepika, amefunika chakula kwa kawa, anamngoja mwenziwe aliyechelewa. Anafunua, anagusa bakuli kama bado lina joto, anafunika tena. Hapo Koplo akaanza kuvuta kamasi.

"Koplo, toa neno," alisema Profesa taa zilipowashwa.

"Ndivyo, afande."

"Neno ulilofundishwa, Koplo!"

"Nalijua, afande. Lakini ndivyo. Mama Zena, kabla hajaondoka, nilikuwa nikitoka lindo namkuta ameniwekea vivyo hivyo. Wala sikuwahi kumwambia ahsante." Akajifuta macho kwa kofia ya serikali.

Bodi iliamua kwamba Koplo ni Mwenye Jambo jingine. Ushahidi wake ukafutwa, naye akapelekwa kulinda mlango. Bi Kazija, mjumbe wa akina mama, mtu mzima ambaye hufuma vitambaa vikao vikiendelea, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye haoni tofauti ya jambo hili na lile. Profesa alimkumbusha kuwa mjumbe wa akina mama hutoa maoni baada ya kikao kufungwa.

Ndipo nikatumwa mimi. Nilipiga baragumu sokoni, stendi, na kila uchochoro. "Yeyote alijuaye jambo la mapenzi baina ya wanaume wawili, ajitokeze mbele ya Bodi kushuhudia kuwa halipo! Atapewa chai! Usalama wake wa kufika umehakikishwa!"

Mtu mmoja aliyekuwa dirishani aliniuliza, "Na wa kuondoka?"

Nikamjibu kuwa tangazo langu limeishia pale. Akafunga dirisha, na mengine yakafuata mtaa mzima. Mengi yalifungwa kwa kishindo, na waliokuwa nyuma yake walikuwa wakinitukana. Lakini machache yalifungwa polepole, bila sauti, na hayo ndiyo yaliyonisumbua nikirudi nyumbani. Nilitamani nisingekuwa nimeyaona.

*

Mwezi ulikuwa ukingoni alipokuja Mwalimu Badawi.

Ni mwalimu wa jiografia, amestaafu. Nusu ya serikali imepita mikononi mwake, na Profesa Lukindo mwenyewe aliwahi kuchapwa naye kwa kuchora mto unaopanda mlima. Alikuja mchana wa jua kali, amevaa koti lililopigwa pasi, mkononi ana mwavuli. Koplo Tegemea alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kumwona nani?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ile mbiu."

"Ya chanjo ya mbuzi? Hiyo ni jengo la pili."

"Ile nyingine."

Koplo alitazama barabarani, kushoto na kulia. "Mwalimu," alisema polepole, "jua hili si la kutembea. Rudi ukapumzike. Mimi sijakuona."

"Najua hujaniona, mwanangu. Nipishe nipite."

Alipoingia, Profesa aliruka wima, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akakumbuka kuwa yeye ni mwenyekiti, akaketi. Pembeni alikuwepo Bwana wa Kona. Huyu ni ofisa wa usalama ambaye hukaa konani katika kila kikao. Hana jina na haandiki kitu, na hajawahi kusahau kitu. Akasogeza kiti chake mbele kidogo.

"Unalijuaje jambo hili, Mwalimu?" aliuliza Profesa, na ilionekana wazi kwamba anaomba asijibiwe.

"Nilikaa na Nyange, fundi cherehani, ukuta kwa ukuta, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Alifariki mwaka jana, mvua za vuli. Mnamjua. Hilo koti lako, Profesa, ni mshono wake."

Profesa alilitazama koti lake, akaanza kulivua, akakumbuka hali ya shati lililo ndani, akaliacha.

"Na umekuja kwa nini, Mwalimu?" Bi Kazija alikuwa ameacha kufuma. "Hakuna aliyekulazimisha."

"Bi Kazija, Nyange alipokufa watu walijaa. Dada yake, Bi Riziki, yule anayekaa hapa nyuma ya jengo lenu, alipewa pole. Wapwa zake walipewa pole. Hata mteja ambaye suruali yake ilikuwa haijamalizika alipewa pole. Mimi nilipewa masufuria. Nilisimamia wali wa matanga, kwa kuwa mimi ni jirani. Siku ya kuanua matanga Bi Riziki akaniambia, 'Ahsante, Mwalimu, kwa ujirani mwema,' akanifungia sahani ya pilau niende nayo. Simlaumu, alinipa alichokuwa nacho. Lakini tangu siku ile hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia pole. Nikasikia mbiu kwamba kuna mahali ambapo sheria inawataka watu wanisikilize. Nikavaa koti."

Mbiu hiyo niliipiga mimi. Nilikuwa nimesimama pale na baragumu langu kwapani.

*

Filamu ilianza. Mwalimu aliitazama kwa namna alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu, mwili ameuinamisha mbele, mara anatikisa kichwa, mara tabasamu linamponyoka. Ilipokwisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Neno, Mwalimu," alisema Profesa. "Neno moja tu."

Mwalimu alimgeukia Salha Mngwali aliyekuwa amejikunyata kiti cha nyuma. "Ni wewe uliyeitengeneza, binti?"

"Ni mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hawa vijana wako wanasema mno. Nakupenda asubuhi, nakupenda jioni. Nyange hakuniambia hivyo hata siku moja. Yeye aliniambia, 'Umekula?' Nikiwa na homa, 'Umekula?' Tukinuniana kutwa nzima, jioni anapenya mlango wa uani, 'Haya, umekula?' Basi, hapo ndipo ugomvi umekwisha."

Salha alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Tena hawagombani," Mwalimu aliendelea. "Sisi tuligombania redio. Yeye anataka taarabu, mimi nataka taarifa ya habari. Hawa wako wanaogopa tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Tuliogopa, ni kweli. Tuliogopa sana. Lakini mtu haogopi kutwa kucha, binti. Kuna kufua, kuna kwenda sokoni."

"Kwa hiyo sivyo!" Profesa alikuwa ameinuka nusu.

"Na pale kaburini. Yule aliyebaki anapiga ukelele mbele za watu, anamwita mwenziwe kwa jina. Pale umekosea kabisa. Mimi sikulia. Nilikuwa nageuza wali usiungue."

"Najua, Mwalimu," alisema Salha. Sauti yake ilikuwa haifiki mbali, ikabidi sote tunyamaze. "Niliulizauliza, nikajua kwamba asingeweza kulia. Nilikuwa nimeandika asimame tu na wengine. Lakini tulipofika pale kumpiga picha, nikashindwa kumnyima. Nikasema, walau huyu mmoja alie."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu.

Profesa Lukindo akashuka kutoka kwenye kiti chake kirefu, akaja kuinama mbele ya mzee. Sikuwahi kumwona hivyo. "Mwalimu wangu, nisikilize. Ukisema Sivyo, filamu ni ya uongo, jambo halipo, na asiyekuwepo hana kosa. Utakunywa chai, utakwenda zako nyumbani. Ukisema Ndivyo..." Akageuka kumtazama Bwana wa Kona, ambaye kiti chake kilikuwa kimefika katikati ya chumba. "Nakuomba. Na umekwisha kusema mwenyewe, hukulia. Si wewe uliyetufundisha tusichore mto usiokuwepo?"

"Sema Sivyo, Mwalimu," alisema Salha naye. "Ni filamu tu. Iungue."

"Sikuwahi kutoa alama kwa kosa," alijibu Mwalimu Badawi. "Kama mambo yalivyo, ni sivyo."

Profesa alishusha pumzi.

"Ngoja. Sijamaliza."

Alivua miwani, akaitia mfukoni. Akaegemeza mwavuli ukutani. Kisha akalia.

Sijui niwaelezeje. Wengi wenu mmesikia kilio cha msiba mpya, lakini hiki kilikuwa kimekaa ndani mwaka mzima. "Nyange! Nyange wangu ee! Umeniacha na nani mimi, Nyange!" Akaenda chini na koti lake la pasi, akawa anapiga sakafu ya serikali kwa kiganja na kuita. Aliita mpaka sauti ikakatika, akavuta pumzi, akaita tena. Salha alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nililia pia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Alipotulia, akiwa bado chini, aliinua uso. "Sasa ndivyo," alimwambia Profesa. "Filamu ya binti huyu ni ya kweli."

*

Sitara ina desturi moja iliyo kongwe kuliko serikali zetu zote. Kilio kikisikika, aliye karibu huacha alicho nacho, huingia, hukaa chini, husema pole. Kuuliza nani amekufa kabla hujakaa ni utovu wa adabu mkubwa, na watu wamewahi kukatiana salamu kwa kosa hilo. Na siku ile, kwa sababu ya joto, madirisha ya Bodi yalikuwa wazi yote.

Wa kwanza alikuwa Koplo, aliyeacha mlango bila mlinzi. Bi Kazija alishuka kitini, akavua viatu. Profesa mwenyewe alijikuta ameketi sakafuni kabla akili haijamfikia. Akaingia muuza chai wa ng'ambo ya barabara, wakaingia wanawake wa uchochoroni na mikeka, akaingia mtu aliyekuwa kwa fundi viatu, mguu mmoja peku. Uani, pale tunapochomea filamu, watu walikwisha washa moto na kuteleka sufuria la maji.

"Pole, Mwalimu."

"Pole sana, baba. Ndiyo dunia."

"Pole. Mungu akupe subira."

Naye alimjibu kila mmoja kama inavyojibiwa, "Ahsante, nimeshapoa," na kila alipojibu mabega yake yalishuka kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa maji baada ya safari.

Walipokwisha kukaa vya kutosha, mama mmoja aliuliza kwa adabu, "Nani aliyetutoka?"

"Nyange," alisema Koplo.

"Nyange fundi? Si tulimzika mwaka jana?"

"Ndiye huyo."

"Kwani Mwalimu ni nani wake?"

Watu walitazama mikeka yao, na kimya kile kikawajibu wote. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, alikuwa amesimama Bi Riziki, dada yake Nyange, mkeka wake ungali umekunjwa kwapani. Alikuwa amekuja kwa kilio kama wengine, akalisikia jina la kaka yake, na tangu hapo hakuketi wala hakusema pole.

Ving'ora vikalia nje. Mheshimiwa Kikwaju aliingia, akaikuta Bodi yake nzima sakafuni.

"Ndugu wananchi!" alipaza sauti. "Mmeingia katika msiba usiokuwepo! Pole ni hazina ya taifa, nanyi mmeigawa kwa mfiwa asiyekuwepo, juu ya jambo lisilokuwepo! Naagiza pole zote zirudishwe, leo hii, mbele yangu!"

Nikaamriwa nitangaze. Nilitangaza. "Kwa amri ya Wizara, kila aliyetoa pole apange foleni akaichukue!"

*

Niimalize kwanza habari ya filamu, maana ni fupi. Kwa kuwa Mwenye Jambo alisema Ndivyo, na Sitara ni nchi ya sheria, ilionyeshwa. Ilionyeshwa mara moja, mchana, katika ukumbi mkubwa wa taifa, milango ikiwa imefungwa kwa nje na viti vyote vikiwa vitupu kwa agizo la Waziri. Salha Mngwali alisimama nje, sikio mlangoni, akisikiliza. Hivi sasa hayumo nchini, na Wizara inasema hakuwahi kuwemo.

Turudi kwenye foleni. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua pole hurudishwaje. Profesa, aliyekuwa amerudi kitini na kujipangusa koti, alibuni utaratibu pale pale: kila mtu asimame mbele ya yule asiyekuwa mfiwa, aitaje pole yake, aseme anaichukua. Mwalimu alikuwa ameketi mkekani. Bwana wa Kona alisimama nyuma yake, mkono begani.

"Mwalimu," alisema muuza chai, macho chini, "nilikwambia pole. Nimeambiwa niichukue."

"Ichukue, mwanangu. Nimeshapoa."

"Mwalimu, nami nilikupa pole."

"Ulinipa. Ahsante."

Mama mmoja alilia alipofika. "Pole, Mwalimu, nimekuja kuichukua pole yangu, pole sana, baba." Waziri alianza kuhisi kwamba pole zinaongezeka badala ya kupungua, akaamuru foleni iende mbio. Koplo Tegemea alipiga saluti, akasema yake imempotea, ataitafuta. Bi Kazija hakupanga foleni kabisa. Alibaki sakafuni anafuma, akasema magoti yamemkatalia kuinuka.

Lakini wapo walioichukua kweli, nisiwadanganye. Mtu mmoja, ambaye Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, alisema, "Ningejua nisingeingia humu," akaushika mkeka aliouleta, akauvuta. Mwalimu alikuwa ameukalia. Alijiinua kidogo kwa mikono ili mkeka upite, akakaa kwenye saruji. Wengine watatu wanne waliona hivyo, nao wakachukua mikeka yao. Nilitamani ardhi inimeze.

Foleni ilipokwisha, Waziri alimwona Bi Riziki penye mlango wa uani, uso ukamnawiri.

"Huyu ndiye mfiwa halali! Mama, sogea. Liambie taifa, huyu mzee alikuwa nani kwa kaka yako?"

"Jirani," Profesa alimnong'oneza haraka, na nadhani alikusudia wema. "Sema jirani, Bi Riziki. Jirani inatosha."

Bi Riziki alikuja taratibu, maana miguu yake haina nguvu. Watu walimpisha. Hofu iliyokuwa katika uso wa Mwalimu sikuiona hata alipokuwa akimtazama Bwana wa Kona. Alipomfikia, mama yule alivua kandambili, akautandika mkeka wake juu ya saruji, akaketi mbele yake kwa shida.

"Sina pole ya kurudisha," alisema, hakumtazama Waziri. "Mimi nilimpa sahani."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Pole, shemeji."

Mwalimu Badawi aliishika ile mikono. Bwana wa Kona alimwinua kwa bega, na Bi Riziki akainuka pamoja naye, peku, wakatoka wameshikana hivyo hivyo kupita mbele ya Bodi na mbele ya Waziri, wakashuka ngazi hadi barabarani, wala hawakuachana mpaka mlango wa gari la Wizara ulipofungwa.